Bibi wa mwavuli wa bluu, asante sana

Jamani naomba nimshukuru hadharani bibi mmoja wa Singapore, jina sikumuuliza na mpaka leo najilaumu. Tulikuwa Botanic Gardens mimi na mama, ile bustani iliyoanzishwa 1859, kuingia bure, unalipia tu upande wa okidi. Tukashukia stesheni ya geti la Bukit Timah, tukatembea weee mpaka kwenye okidi, mama kafurahi anataka apigwe picha na kila ua. Tunatoka tu, mvua ile ya kule isiyobisha hodi, na gidamu ya ndala ya mama ikakatika puu! Goti lenyewe bovu, simu yangu asilimia 3.

Huyo bibi alikuwa amejibanza nasi kwenye kibanda. Hakusema kitu, akafungua begi, akatoa mfuko wa plastiki, akausokota kama kamba, akaipitisha kwenye tundu la ndala na kufunga fundo chini. Imetengemaa! Halafu akatuambia tusirudi tulikotoka, kuna stesheni ya Napier karibu na geti la Tanglin. Akamshika mama mkono taratibu mpaka pale, akamwachia na mwavuli, yeye akarudi na mvua yake. Hela alikataa kabisa.

Kwa hiyo nyie mnaokaa Forodhani, hapa kwetu Unguja, jioni, mkimwona mgeni na mamake wamekwama, msimwachie papasi, wale vijana wanaowafuata watalii, nyanyukeni. Mwavuli upo kwangu Unguja, mama hataki mtu aguse.