Gesi ya AC haiishi jamani, mafundi pimeni kwanza

Mbukwenyi Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme hili la mafundi wa AC hapa Dodoma, maana limenikaa kooni tangu Oktoba na joto la Oktoba huku mnalijua wenyewe, saa nane mchana bati linalia na usiku ukuta bado unatoa moto.

AC yangu ni inverta, yaani kompresa yake (ile pampu inayosukuma gesi) inajiongeza na kujipunguza mwendo yenyewe, iko chumbani kwangu hapa Ilazo, inatumia gesi ya R32. Ikaanza kupuliza upepo wa uvuguvugu, nikasema labda ni vumbi letu hili, nikatoa filta nikaosha mwenyewe, wapi. Nikaita fundi. Hakufungua hata skrubu moja, akachomeka geji, kile kipima presha ya gesi, akasema mama gesi imeisha, akajaza nikalipa. Baada ya wiki mbili kulekule. Akaja mwingine, gesi imeisha. Wa tatu naye, gesi imeisha. Hivi jamani gesi ya AC ni kama ya mtungi wa jikoni kwamba ukipikia inaisha? Ile inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua ujue imevuja, sasa imevujia wapi na mbona hakuna hata mmoja aliyepaka povu la sabuni kwenye maungio akaangalia? Na kingine, LUKU ilikuwa inakwenda mbio kuliko zamani, hilo nikawa nalaumu friji.

Wa nne alikuwa kijana mdogo tu, nikamdharau kidogo nikiri. Shikamoo mama, marahaba, akaomba maji akanywa, halafu hakugusa geji kwanza. Akashika mabomba mawili yanayoingia mashine ya nje, lile jembamba lilikuwa na barafu nyeupe na lile nene kavu kabisa, halitoi hata jasho. Akasema hapo inaweza kuwa gesi pungufu kweli, ila inaweza pia kuwa ekspansheni valvu, kile kimlango kinachopitisha gesi kidogokidogo ili ipoe, imekwama karibu na kufunga, na kwa geji peke yake huwezi kuzitofautisha maana zote mbili zinashusha presha. Geji alipochomeka ilisoma chini ya psi 70 (psi ndo kipimo cha presha) wakati R32 ikipoza vizuri inakaa kwenye 110 hadi 130 hivi. Kumbe wenzake waliona hiyo namba ndogo tu wakamwagia gesi.

Akazima umeme, akafungua kava, akaweka ncha ya bisibisi kwenye valvu na mpini akaniambia mama weka sikio hapa. Akawasha. Nikasikia kitu kinatetemeka kidogo kama nzi ndani ya chupa. Akanipeleka kwenye AC ya chumba cha watoto, aina ileile, tukafanya vilevile, ile ikalia krrrrr sekunde kadhaa halafu kimya. Akasema hiyo ndo sauti yake, kila ukiwasha umeme valvu inajifunga kabisa kutafuta sifuri yake halafu inafunguka kadiri bodi inavyoiamuru, ya kwako inajaribu inashindwa. (AC nyingi za kawaida zisizo inverta hazina kitu hiki, zina kapilari tu, kabomba kembamba kama sindano, kwa hiyo msije mkamsumbua fundi awatafutie valvu isiyokuwepo.)

Kisha akachomoa plagi ya koili, zile nyaya zilizosokotwa zinazovalishwa juu ya valvu kuizungusha kwa umeme, akapima kwa mita kutoka waya wa pamoja kwenda kwenye zile nne nyingine ukinzani wa umeme kwa omu: 46, 46, 46, ya nne hamna kitu, imekatika. Alipochomoa koili yenyewe chini yake kulikuwa na kutu ya kijani, maji yaliingia. Koili hiyo inatoka bila kufungua gesi wala kulehemu chochote! Ilikuja na basi kutoka Dar siku ya pili, akaichomeka, ikalia krrrrr.

Lakini bado kazi, kwa sababu gesi niliyojaziwa mara tatu ilikuwa humo. Akaivuta kwenye mtungi wake, hakuiachia hewani, akaipima kwenye mzani. Kibati cha mashine kinasema gramu 780, mzani ukatoa kilo 1 na gramu 140. Ndo maana kompresa ilikuwa inasukuma kama punda wa maji na LUKU inaliwa. Na huo mzani ndo ulionimalizia ubishi, maana kama ingekuwa imevuja ingetoka pungufu ya kibati, sasa imezidi na presha iko chini, si njia imeziba tu?

Kabla ya kurudisha gramu 780 akavuta vakyumu, yaani akanyonya hewa na unyevu wote mabombani kwa pampu. Hapo akaniambia kitu nikacheka, kwamba mafundi wakitoka Dar wanaona mshale wa geji unaishia kama inchi 26 za zebaki badala ya karibu 30 waliyoizoea, wanadhani pampu imekufa, kumbe Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100 na hewa ya huku ni nyepesi. Yeye anatumia geji ya maikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki ndani, hadi ishuke maikroni 500. Wanaoruka hatua hii wanaacha unyevu ndani, unachanganyika na oili ya kompresa unazaa asidi na tope, na tope hilo ndo linaenda kuziba hiyohiyo valvu. Ikifika hapo koili haisaidii, ni kubadili valvu nzima, kulehemu huku imefungwa kitambaa kibichi isiungue ndani na naitrojeni ikipita bombani lisiote masizi.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo, mkijaza gesi mniandikie kwenye risiti ni gramu ngapi. Zangu tatu ninazo, zote zimeandikwa "gesi" na bei, basi. Juzi yule wa tatu kapiga simu anauliza mama vipi AC, gesi haijaisha? Nikamwambia imebaki, gramu 360, njoo na mtungi uchukue.

Mama wa Ilazo,
Dodoma