Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi Wenzake wa Kupaka Zinki na Kromu, Nairobi

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika, ingawa viti vitupu ni vingi kuliko vilivyokaliwa. Mwaka huu tulifanya vikao vinne, tulihudhuria mafunzo ya usalama kazini, na tulizika wenzetu wawili na kuchangia familia zao. Hayo mnayajua.

Nataka kuzungumzia shilingi 180,000, maana maneno yamekuwa mengi. Imesemwa kwamba mwenyekiti alitoa akiba ya kiwanja akanunulia mafuta ya taa. Mafuta ya taa yalinunuliwa kweli. Waliosema hawakueleza yalikwenda kufanya kazi gani.

Maji tunayosuuzia vyuma huishia Mto Ngong. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 hazikuruhusu kromu ya aina ya sita, ile yenye sumu kali, ipite miligramu 0.05 kwa lita. Sisi tumezoea kumwaga chokaa. Chokaa hugandisha zinki, lakini hutuachia matope yenye sumu tusiyo na pa kuyatupa, na kromu ya sita haiigusi mpaka kwanza igeuzwe kuwa kromu ya tatu, yenye sumu ndogo zaidi.

Njia niliyoipigania ni utando wa kimiminika. Asidi ya salfuriki hukorogwa kwa kasi ndani ya mafuta ya taa, pamoja na dawa inayozuia matone kuungana, mpaka vyote viwe vyeupe kama maziwa. Maziwa hayo yakimiminwa kwenye maji machafu, mafuta huwa ukuta mwembamba kati ya maji na asidi. Ndani ya ukuta kuna kemikali ya kubebea, D2EHPA. Hushika zinki upande wa nje, huivusha, huiachia kwenye asidi, kisha hurudi kuchukua nyingine. Mhandisi wa kemikali Norman Li alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya utando wa aina hii Marekani mwaka 1968, na kiwanda cha nyuzi huko Lenzing, Austria, kilianza kuondoa zinki kwa njia hiyo miaka ya 1980. Sikuiokota barabarani.

Jaribio la kwanza liliharibika, nakubali. Tulipochanganya maziwa na maji machafu tulikoroga kwa nguvu mno, matone yakapasuka na asidi ikarudisha zinki yote majini. La pili nilisimamia mwenyewe kuanzia saa moja asubuhi. Tulikoroga polepole kwa dakika kumi, tukaacha pipa litulie. Maziwa yalipanda juu, tukayateka kwa kikombe, tukayapasha moto ndani ya sufuria ya maji moto, mbali na mwali wowote. Mafuta yalijitenga juu, tayari kutumika tena. Chini ilibaki asidi yenye zinki, na zinki hiyo inaweza kurudi kwenye hodhi zetu za kupakia vyuma. Matope ya chokaa yamewahi kumrudishia nani zinki?

Kuhusu kutowauliza: niliitisha mkutano mwezi Mei, wakaja watu 11 kati ya 64. Kamati haikuwa na budi kuamua. Anayelalamika leo aseme siku ile alikuwa wapi.

Ada ndiyo inayoniumiza zaidi. Waliolipa mwaka mzima ni 23. Wengine 19 wamelipa nusu, na 22 hawajatuma hata shilingi, ingawa ni 300 tu kwa mwezi na M-Pesa iko mkononi. Mweka hazina amepiga simu mpaka amechoka. Umeme wa ghala kwa miezi miwili nimelipa kutoka mfukoni mwangu, na risiti ziko hapa mezani.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatumaini kupata pipa kubwa na kuanza na kromu. Hiyo itataka kemikali nyingine ya kubebea, kwa sababu kromu ya sita husafiri majini ikiwa na chaji hasi, tofauti na zinki. Kiwanja nacho hatujakisahau.

Chupa ya ile asidi yenye zinki iko hapa mbele. Kabla ya kura ya kuniondoa, naomba kila mmoja apite aitazame.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti