Mahojiano marefu ya wanamuziki wa roki yasikatwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kulalamikia mahojiano marefu ya wanamuziki wa roki yanayochapishwa katika kurasa za burudani. Hoja yake ilikuwa kwamba shabiki anahitaji kujua albamu inatoka lini na onyesho litafanyika wapi, na kwamba maneno mengine yote ni ya kujaza ukurasa. Nimeisoma barua yake zaidi ya mara moja, tena kwa heshima, kwa sababu ni kweli kwamba nafasi gazetini ni ghali na wanaoililia ni wengi. Lakini katika hili naona amekosea, kwa kuwa kile anachokiona ni cha kujaza ukurasa ndicho sisi mashabiki wa roki mbadala tunachokikata, tukakikunja na kukitunza miaka na miaka.

Mimi ninalo jarida moja la namna hiyo. Lilinifikia hapa Tanga mwaka 1994 kwa mkono wa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa baharia kwenye meli za mizigo na ambaye kila aliporudi alikuwa na kaseti mbili tatu chini ya nguo ndani ya begi. Safari hiyo alileta toleo la Rolling Stone, jarida la muziki la Marekani, la mwishoni mwa Januari mwaka huo, lenye mahojiano ya mwandishi David Fricke na Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Nirvana. Jalada lilikuwa limechanika pembeni na kurasa zilinuka dizeli. Wakati linanifikia Cobain alikuwa ameshafariki, tarehe 5 Aprili, akiwa na umri wa miaka 27, kwa hiyo niliyasoma maneno ya marehemu nikiwa na kamusi upande mmoja na taa ya chemli upande wa pili, na maana ya kila neno nililolitafuta niliiandika kwa penseli ukingoni mwa ukurasa. Penseli hiyo bado inasomeka.

Fricke alianzia pale ambapo mwandishi mwenye haraka asingethubutu kuanzia. Usiku huo wa Oktoba 1993 Nirvana walikuwa wametoka kupiga Chicago, mambo yakawaendea kombo jukwaani, wakashuka bila kuupiga Smells Like Teen Spirit, wimbo uliowafikisha duniani kote tangu ulipotoka pamoja na albamu yao ya Septemba 1991. Swali la kwanza likawa hilohilo: kwa nini hamkuupiga? Hapo Cobain akafunguka. Alisema watu wameung'ang'ania mno wimbo ule, na kwamba anazo nyimbo nyingine ambazo kwake ni nzuri kama huo au zinaupita, akautaja Drain You. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimharakisha, akakiri jambo ambalo tangazo la kampuni ya rekodi lisingelisema hata siku moja: kwamba alipoutunga wimbo huo alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies, bendi ya Boston, hasa ule mtindo wao wa kupiga kwa upole na utulivu halafu muziki ukalipuka kwa nguvu zote.

Kabla ya kuyasoma maneno hayo nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara zisizo na idadi bila kujua ninachokisikia. Baada ya kuyasoma niliurudisha kwenye redio kaseti, nikakaa karibu kabisa na spika, na kwa mara ya kwanza nikausikia ubeti unavyoachiwa besi na ngoma, gitaa likigusa noti mbili tu na kunyamaza, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, mpaka kiitikio kinapoingia. Nikamwomba kaka yangu aniletee Pixies safari inayofuata. Alichukua miezi minane kurudi, akarudi na albamu yao ya 1988, ile iliyorekodiwa na Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Chicago, na ni albamu hiyo, miongoni mwa kazi nyingine za Albini, iliyowafanya Nirvana wamtafute awarekodie albamu yao ya mwisho ya studio katika mji mdogo wa Cannon Falls, Minnesota, Februari 1993. Albini naye akawa mtu wa kufuatiliwa. Kabla ya kazi hiyo aliwaandikia Nirvana barua ndefu akisema anataka alipwe kama fundi bomba anavyolipwa, afanye kazi, apewe ujira wake, yaishe. Akachukua dola 100,000 kwa mkupuo na kukataa mirabaha ambayo maprodyuza wengine huendelea kuvuna kwa kila nakala inayouzwa. Yote haya, kuanzia gitaa la Boston hadi msimamo wa fundi wa Chicago kuhusu haki ya mwanamuziki, yalinijia kwa sababu mhojaji mmoja alipewa nafasi ya kutosha na mhojiwa mmoja akaachwa amalize sentensi yake. Tarehe ya albamu kutoka isingenifikisha popote.

Ninapotaja nafasi ninamaanisha muda kwanza, kurasa baadaye. Kati ya Desemba 1992 na Machi 1993 mwandishi Michael Azerrad alikwenda mara kwa mara nyumbani kwa Cobain huko Seattle, nyakati za usiku, akawasha kinasa sauti na kumwacha azungumze kuhusu utoto wake katika mji wa Aberdeen, wazazi wake walivyoachana, vibarua vya usafi alivyofanya kabla ya umaarufu, maumivu ya tumbo yaliyomtesa miaka mingi, na hasira yake dhidi ya waandishi wa habari. Kanda zile zilipita saa 25. Zilitumika kwanza kuandika kitabu kilichotoka 1993, na mwaka 2006 zikatengenezewa filamu ambayo ndani yake sura ya Cobain haionekani mpaka inapokaribia kumalizika; mtazamaji huiona miji ya Aberdeen, Olympia na Seattle, mitaa yake, viwanda vya mbao na watu wa kawaida, huku sauti ya marehemu ikipita juu yake taratibu. Niliitazama peke yangu usiku mmoja. Kilichonigusa zaidi ni vituo vyake, zile sekunde ambazo mtu ameulizwa jambo zito, ananyamaza, anavuta pumzi, kisha anaanza upya kwa njia nyingine. Mhariri anayebana maneno 2,000 yawe 400 huanza kwa kuvifuta vituo hivyo, kwa sababu machoni pake havisemi kitu.

Najua kuna watakaosema kwamba wanamuziki wenyewe hawapendi kuhojiwa, na ushahidi wao hautakuwa mdogo. Oktoba 1993 jarida la Time lilitaka kuzungumza na Cobain na Eddie Vedder, mwimbaji wa bendi ya Pearl Jam, wote wawili wakakataa, na hata hivyo sura ya Vedder ikawekwa kwenye jalada. Bendi ya Fugazi ya Washington ilikataa kuhojiwa na majarida makubwa yanayoishi kwa matangazo ya pombe na sigara. Bendi ya Radiohead ya Uingereza, baada ya albamu yao ya 1997 kupokewa kwa sifa kila pembe, ilizungushwa dunia nzima kuzungumza na waandishi, na filamu iliyotengenezwa kuhusu ziara hiyo inawaonyesha wanamuziki wake wakiwa hoi, wakijibu katika chumba kimoja baada ya kingine maswali yaleyale waliyoulizwa jana, na kusoma salamu za vituo vya redio ambavyo hawavijui. Mimi naichukulia filamu hiyo kuwa shahidi wa upande wangu. Kilichowachosha ni mahojiano ya dakika kumi, ambamo anayeuliza hajaisikiliza albamu na anayejibu ameshajua sentensi itakayochapishwa. Fugazi haohao waliozigomea ofisi kubwa walikuwa wakikaa na vijana wanaochapa vijarida vyao kwa mashine ya fotokopi, wakazungumza nao kwa kirefu na bila kuwabagua, na Ian MacKaye, mwimbaji wao, anasifika mpaka leo kwa kujibu kwa ukamilifu swali la mtu yeyote aliyejiandaa.

Kujiandaa huko ndiko kunakonifanya niwashukuru wahojaji kwa dhati, kwa sababu shabiki huwasahau. Mhojaji mzuri anaujua muziki kiasi cha kutambua jibu linapokwepa, lakini anajizuia asilitoe yeye. Anauliza kuhusu wimbo wa saba kwenye albamu, ule ambao redio haziupigi. Anamkumbusha mwanamuziki jambo alilolisema zamani na kumuuliza kama bado analiamini. Kwetu pwani tunaijua adabu hiyo kutoka barazani: mzee akianza kusimulia hachokonolewi habari yake kwa haraka, unampa kahawa, unamwacha azunguke, na unamrudisha kwa swali fupi pale anapoonekana kupotea.

Mfano wa karibuni ambao ningependa msomaji mwenzangu ausikilize ni wa mwaka 2024, bendi ya Uingereza ya The Cure walipotoa albamu yao ya kwanza baada ya miaka 16. Habari fupi zilisema hivyo tu, miaka 16, na tarehe, Novemba 1. Lakini Robert Smith, kiongozi wa bendi, alikaa na mtangazaji Matt Everitt kwa mazungumzo ya zaidi ya saa moja na nusu, yakatolewa yakiwa mazima. Ndani yake anapita wimbo hadi wimbo. Alipofika kwenye ule alioutunga kwa ajili ya kaka yake Richard, aliyefariki, alieleza jinsi ulivyomshinda, jinsi alivyojaribu njia nyingi za kuyaweka yote aliyoyahisi juu ya kaka yake, na jinsi alivyoishia kusimulia tu, kwa maneno machache, yaliyotokea usiku ule aliofariki.

Kaka yangu baharia tumemzika miaka sita iliyopita. Nilipoombwa niseme machache msibani sikuweza, maana kila nililoandika lilikuwa kubwa mno au dogo mno. Nilipomsikia mtu wa Uingereza mwenye miaka zaidi ya sitini, aliyeandika nyimbo tangu ujana wake, akisema kwamba hata yeye jambo hilo lilimshinda mpaka aliporudi kwenye yale tu yaliyotokea, niliusimamisha mkanda na kukaa kimya kwa muda mrefu. Kisha niliusikiliza wimbo wenyewe. Nisingeusikia hivyo kama nisingeyasikia kwanza yale mazungumzo, na naandika haya nikijua kwamba wako wengine waliofiwa ambao watayahitaji.

Jingine linalonifanya niyathamini mahojiano haya ni kwamba wanaohojiwa wanaondoka. Mwishoni mwa 2023, ilipotimia miaka 30 tangu albamu ile ya Cannon Falls, wanamuziki wawili wa Nirvana waliobaki, Krist Novoselic na Dave Grohl, walikutanishwa na Albini katika podikasti ya mchekeshaji wa Marekani Conan O'Brien, wakazungumza watu wanne mezani kuhusu wiki zile mbili za Februari: baridi ya Minnesota, walivyorekodi kwa haraka, na mambo waliyokuwa wakimkumbuka nayo Cobain. Tarehe 7 Mei 2024 Albini akafariki, akiwa na miaka 61. Kama mtayarishaji angeamua kwamba dakika tano zinatosha, tungebaki na dakika tano.

Basi ombi langu kwako, Mhariri, ni la kikazi. Mnapotafsiri mahojiano ya namna hii, tafadhali msiyageuze kuwa habari ya mwandishi mmoja anayesimulia. Acheni swali libaki swali na jibu libaki jibu, mwandike mahojiano yalifanyika wapi na mwaka gani, na jina la mhojaji liwekwe juu pamoja na la mwanamuziki. Yanapotajwa majina ya bendi nyingine msiyafute kwa kudhani hatuyajui, kwa kuwa hayo ndiyo tutakayoyatafuta. Na kama tatizo ni nafasi, kama msomaji mwenzangu anavyosema, magazeti ya Kiswahili yalilitatua zamani kwa hadithi za mfululizo: sehemu ya kwanza Jumamosi hii, chini yake neno moja, itaendelea, na sehemu ya pili Jumamosi inayofuata. Wauza magazeti wa stendi ya hapa kwetu wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakipanga foleni kuzisubiri hadithi hizo. Mimi wa kwangu nimeshamwambia aniwekee nakala.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa Chumbageni,
Tanga