Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti: kumbi za mitaa zinatuandikia tamthilia

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Eastlands. Pakizuka mjadala kuhusu maigizo Nairobi, watu hukimbilia Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, ule uliofunguliwa mwaka 1952, ukakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2015. Sina ugomvi na ukumbi huo. Ila uko chini ya serikali ya kitaifa, si chini yako, na vikundi kama chetu huupita tu tukielekea kituo cha matatu. Ninachokuandikia ni kumbi za mitaa, zile ambazo kikundi kisicho na mfadhili kinaweza kuzilipia kwa kuchangishana.

Kumbi hizi si vibanda vya jana. Pumwani kulikuwa na ukumbi wa jamii tangu miaka ya 1920. Ule wa Kaloleni ulitumiwa sana na wanasiasa kabla ya uhuru, hadi ukapachikwa jina la bunge la Waingereza. Siasa za nchi hii zilijifunza kusema humo. Sasa sisi tunaotaka kusema kwa njia ya jukwaa tunaingia kumbi za aina hiyo na kukuta soketi moja inayofanya kazi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye soketi hiyo, maana watu wa ofisini hudhani tunalilia mapambo. Taa moja ya jukwaa ya zamani, zile tunazomudu kukodi, hula wati 1,000. Soketi ya kawaida ya ukutani hubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Ukiwasha taa tatu umeshafika ukingoni, na bado hujachomeka spika. Ya nne ikiwaka, fyuzi inaruka, na mwigizaji aliyekuwa katikati ya kilio anabaki analia gizani huku watazamaji wakiwasha simu. Tumewahi kumaliza onyesho zima kwa tochi za simu hizo. Watu walipiga makofi, lakini nadhani walikuwa wanatuonea huruma.

Matokeo yake ni kwamba hali ya ukumbi ndiyo inayoandika tamthilia zetu. Mwandishi wetu ameacha kuandika maonyesho ya usiku, kwa sababu tunaigiza saa nane mchana, madirisha wazi, jua likimulika kila kitu. Ameacha kuandika mahali pa kunyamaza. Msimu wa masika mvua ikigonga mabati hakuna anayesikika, basi kila mhusika anapayuka, hata yule anayetongoza. Wahusika hawazidi watano, kwa kuwa chumba cha kubadilishia mavazi hakuna, na wanawake wetu hubadilisha nyuma ya leso iliyoshikwa na wenzao wawili. Baadaye wahakiki wanatuambia maigizo ya mitaani yana kelele na hayana kina. Waje wajaribu kuweka kina chini ya mabati yale.

Jambo linaloniogopesha zaidi ni mlango. Katika ukumbi mmoja wa umma tunaoutumia, ambao sitautaja kwa sababu mtunzaji wake ni mtu mwema anayejinunulia hata ufagio, mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Sababu inaeleweka: viti viliibwa. Lakini siku ya onyesho tunaingiza watu, wengi wao watoto wa shule, kwenye chumba chenye nyaya zilizochoka na njia moja tu ya kutokea. Mimi husimama karibu na mlango wa mbele onyesho zima. Waigizaji hudhani nahesabu watazamaji.

Halafu kuna ratiba. Unalipa, unachapisha mabango, unauza tiketi, kisha Ijumaa jioni unapigiwa simu kwamba kesho kuna mkutano wa mheshimiwa fulani, subirini wiki ijayo. Watu walionunua tiketi hawajui habari za mheshimiwa. Wanajua kwamba kikundi chetu ni matapeli.

Nakumbuka kikundi cha maigizo cha Phoenix Players walivyoondoka kwenye ukumbi wao mdogo wa Professional Centre, Parliament Road, baada ya zaidi ya miaka 30, kodi ikiwa imewashinda. Wale walikuwa na jina na watazamaji wa mjini wenye uwezo. Ikiwa kodi iliwashinda wao, kijana wa mtaa wetu wa Jericho anayeuza tiketi kwa wapita njia atapata wapi ukumbi wa kibinafsi? Hana pengine ila kwako.

Na sheria haikuachi nje, Mheshimiwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli za kitamaduni, burudani na huduma za umma. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali kukuza utamaduni kwa njia ya fasihi na sanaa. Huko hatuna mzozo.

Hatuombi jumba jipya. Jumba jipya huja na jiwe la msingi, kamera, na kodi tusiyoiweza. Wala hatudharau jukwaa la hali ya chini: wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao mwaka 1977, na serikali ya siku zile ililiona lina nguvu kiasi cha kulibomoa mwaka 1982. Tunachoomba fundi mmoja wa stima anaweza kukianza Jumatatu: kila ukumbi uwekewe laini yake ya jukwaa ya ampea 32, yenye kikata umeme chake. Milango ya nyuma iwekewe komeo la kusukuma kwa ndani, mwizi wa nje asiingie na mtoto wa ndani atoke. Ratiba ya mwezi ibandikwe ukutani, na aliyelipa asiondolewe na yeyote, awe diwani au mchungaji. Kuhusu ada, sisi tungependelea kaunti ichukue sehemu ya mapato ya mlangoni badala ya malipo ya siku nzima kabla hatujauza hata tiketi moja. Siku ambayo ukumbi umejaa, nanyi mtapata zaidi.

Mabati yanaweza kusubiri bajeti ijayo. Mnyororo usisubiri, tafadhali. Shule zikifunga tutakuwa na maonyesho ya watoto kila Jumamosi.

Wako mtiifu,
Mwongozaji wa kikundi cha maigizo,
Eastlands, Nairobi