Uliniambia "hali karanga"

Dada,

Kadi ya harusi nilikutumia mwezi uliopita. Umeisoma, nimeziona alama za buluu, hujajibu. Simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu.

Najua si kadi. Ni kashata.

Khitma ya mama, 2013, uani kwetu Tanga, wanawake wamejaa jamvini, sinia liko mapajani pangu. Mwanetu akaja kunivuta kanga, nikamkatia kipande. Hakukimaliza. Midomo ikafura, shingo ikajaa vipele kama kamwagiwa upupu, kifua kikaanza kulia miruzi. Ukaja mbio na mkoba wako, ukamdunga sindano pajani juu ya suruali. Alipoanza kupumua ndipo ukanigeukia: "Mama amekufa, sasa unamtaka na mwanangu?"

Mimi ni mama yake mdogo. Ulinisema vile mbele ya wale wanawake wote.

Ndiyo, ulinieleza kwenye simu kabla hamjasafiri. Lakini ulisema "hali karanga." Mimi wangu hali bamia! Ningejuaje?

2015 watafiti wa London walitangaza matokeo yao. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio, yaani aleji, wa mayai. Nusu walilishwa karanga, nusu wakazuiwa mpaka miaka mitano. Kwa waliolishwa, mzio wa karanga ulipungua kwa kama asilimia 80. Nilisoma nikiwa chumba cha walimu nikacheka peke yangu. Niliona nimeshinda kesi.

Tangu hapo nikawa nakutafutia makosa. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wananijua, nikifika kwenye utumbo sikomi. Utumboni ndiko kinga ya mwili inakofundwa, maana kila tonge ni kitu kigeni, na bila kufundwa ingepigana na wali. Bakteria ni sehemu ya makungwi wenyewe. Wanachachua nyuzinyuzi za vyakula tusizoweza kusaga, wanatoa asidi, mojawapo butireti, na hiyo huchochea kukua kwa seli T dhibiti, zile zinazowaambia wenzao: huyu mwacheni apite. Waliozigundua seli hizo na siri ya kazi yake, Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell, walipewa Nobeli 2025. Panya wanaolelewa bila kijidudu hata kimoja kinga yao haikomai. Hata maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bifidobakteria wake.

Nikahesabu yanayoweza kuvuruga bakteria wa mtoto: ulimzaa kwa kisu. Ulimpa antibiotiki za masikio mara tatu hajatimiza mwaka. Nilizihesabu kama muuza duka anavyohesabu madeni.

Wangu wa pili naye nilimzaa kwa kisu. Naye alikunywa antibiotiki, ile ya rangi ya waridi, chupa baada ya chupa. Anatafuna karanga mpaka usiku.

Na wewe ulitii tu. Mwanetu alizaliwa 2006, na miaka ile Uingereza familia zenye pumu kama yetu zilishauriwa kumweka mtoto mbali na karanga mpaka miaka mitatu. Ushauri ule waliuondoa 2009, kwake umeshapita. Na ngozi yake ilikuwa imechanika kwa ukurutu tangu mchanga. Wataalamu wanadhani kinachoingia kwanza kwa mdomo hutambulishwa kama mgeni. Kinachopenya kwenye ngozi iliyochanika huonekana mwizi. Kwa hiyo kipande changu cha kashata, akiwa na miaka saba, hakikuwa cha kumzoesha. Mzio ulikuwa umeshakaa. Hilo nililijua zamani, sikukuambia.

Lakini neno lile ungelirudisha, Dada. Miaka yote hii. Ile kanga ya mama ya kisutu, bado unayo?

Mpishi nimemwambia karanga zisikanyage uani, wala mafuta yake. Kashata zitakuwa za nazi, kwenye sufuria mpya, nitazipika mwenyewe. Sinia utakaa nalo wewe. Mwambie mwanetu aje na sindano mbili, moja akae nayo mfukoni, moja unipe mimi, na unionyeshe inavyodungwa.