Barua kwa mwanangu: hayo matundu matano

Bukavu, Nguba

Mwanangu,

Picha zimefika. Mama yako amezionyesha kwa kila anayepita mlangoni, mpaka muuza makala, na wote wamekubaliana kwamba umenenepa na kwamba hiyo boti ya bluu inapita zote za hapa kwa uzuri. Mimi nimebaki na ile moja uliyopiga ukiwa umeinama chini yake, imeegemezwa juu ya magogo huko Kilifi. Nimeikuza hadi simu ikapata moto. Nimehesabu matundu matano.

Hebu nieleze polepole, maana kwenye simu ulicheka. Mtu anatoboaje boti yake mwenyewe, chini kabisa ambako maji hayatoki, halafu usiku anajifunika shuka na kulala ndani yake?

Usinijibu kwamba boti za tanga za fiba ziko hivyo zote. Najua. Moja linavuta maji ya kupoza injini, moja linamwaga ya sinki, mawili ni ya choo, na la tano hukuniambia ni la nini. Hilo la tano ndilo linaloninyima usingizi. Nimetengeneza mota kwenye ziwa hili la Kivu tangu hujazaliwa. Mota zetu zinaning'inia nyuma, zinavuta maji kwa mguu wao wenyewe, na mbao za chini haziguswi na kekee. Boti ya kwetu ikizama, mara nyingi maji yameingia kwa juu: watu wamejazana, na magunia yamepangwa juu ya watu. Ya boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, unayajua, na tulikuwa tunamtafuta nani siku ile unajua pia, kwa hiyo sirudii. Yako wewe inaweza kuzama mkiwa wawili tu, bahari imetulia, sahani ya wali mkononi.

Nilikaa na kalamu. Tundu lenye upana wa sentimita 4, likiwa nusu mita chini ya maji, siku mpira wake ukichomoka linaingiza kama lita 140 kwa dakika. Hizo ni bidoni saba za lita 20, kila dakika. Pompi ndogo ya umeme kama hiyo uliyonisifia, hata ikifanya kazi sawasawa na karatasi yake inavyodai, haitoi bidoni mbili katika muda huo huo. Na maji yakifika kwenye betri, hata hizo mbili hupati.

Kwa hiyo, kabla hamjaishusha majini, kila robine, ile koki ya kufunga hayo matundu, uishike wewe, kwa mkono wako. Mzee mwenye boti asikuambie "hiyo iko sawa" nawe ukaitikia ndiyo mzee. Ana miaka mingi baharini, namheshimu, lakini bahati ya mtu hairithiwi. Robine ifunge na ifunguke bila nyundo. Ikikataa, ifungueni sasa ikiwa nchi kavu, isafishwe, ipakwe girisi. Kisha chukua kisu ukwangue chuma chake. Bronzi ikikwanguliwa inang'aa kwa rangi yake ya hudhurungi yenye njano. Ukiona wekundu wa waridi, basi hiyo ni shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Chumvi imekula zinki yote, na kilichobaki kinakatika kama biskuti. Igonge pia kidogo: chuma kizima kinalia, kilichokufa kinatoa sauti ya bubu. Katika picha yako, tundu la pili kutoka nyuma lina wekundu. Huenda ni rangi ya zamani, huenda ni jua la jioni. Mimi niko Bukavu, siwezi kukwangua. Wewe uko hapo.

Mipira inayoshikana na hizo robine ifungwe kwa kolye mbili, ile mikanda ya chuma ya kukazia, kila mwisho, siyo moja. Na uangalie parafujo ya kolye, maana kuna za kudanganya: mkanda wake haushiki kutu, lakini parafujo ni chuma cha kawaida, na baharini haifiki mbali. Hapa ziwani nilizoea kuona chuma kikiishi miaka. Huko chumvi haina subira. Ndiyo maana kuna kile kipande cha zinki kilichofungwa karibu na elisi inayosukuma boti. Kazi yake ni kuliwa badala ya vyuma vingine. Kikifika nusu mbadilishe, na yeyote asikipake rangi, hata kama anataka boti ipendeze. Kikipakwa rangi hakifanyi kazi.

Injini yenu iko ndani na inakunywa mazutu, dizeli kama mnavyoiita huko, hapo nakuamini, nilikufundisha mwenyewe, na mikono yako ni mizuri kuliko yangu ilivyokuwa katika umri huo. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa umeshaanza kiburi. Ila usisahau impela ya pompi ya maji, lile gurudumu dogo la mpira. Nunua mbili za akiba. Ikikatika mabawa, vipande vyake vitafuteni vyote, la sivyo vitakwenda kuziba mbele na injini itaendelea kupata joto mkishangaa. Mazutu mchuje kwa kitambaa kabla ya kumimina, hasa ya kununua kwenye bidoni za watu. Tangi lijazwe wakati boti imekaa, kwa sababu tangi tupu hutoa jasho ndani, na maji hayo hushuka chini kabisa, pale injini inapovuta.

Mambo ya matanga siyajui na sitajifanya. Waya nazijua. Zile zinazoshika mlingoti, pitisha pamba juu yake taratibu kutoka juu hadi chini. Ikinasa nyuzi zake mahali, hapo uzi mmoja wa waya umekatika, na ukikatika mmoja wengine wanafuata. Angalia zaidi pale waya inapoingia kwenye kile kichwa cha chini, kwa sababu maji ya chumvi hutuama humo.

Umesema mtashuka kusini Januari na upepo wa kaskazi, kwanza Tanga, kisha Pemba na Unguja. Upepo huo sina neno nao, unavuma Desemba hadi Machi na utawasukuma kwa nyuma. Lakini Kilifi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 150, na boti ya namna hiyo inakwenda kama kilomita 9 kwa saa. Kwa hiyo usiku mtakuwa bado njiani. Nani atakuwa macho? Nani atainua ubao wa sakafu kila saa na tochi, kuangalia kama chini pamekauka? Usiseme mtasikia. Maji yanayoingia taratibu hayapigi kelele. Mtu huyajua yanapomlowesha miguu.

Hapa watu wameanza kusema kwamba unakwenda Mayotte, kile kisiwa cha Wafaransa, kwamba habari ya boti ya tanga ni kisingizio. Nimewajibu vikali, na mmoja wao ni mjomba wako. Kama ni kweli niambie mimi kwanza, nisije nikawa nimegombana na shemeji yangu bure.

Mama yako anasema nimeandika vyuma vitupu na mtoto atakufa njaa. Basi sikiliza yake. Maji ya kunywa na kupikia muweke lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na siku za ziada, na msiyaweke yote kwenye tangi moja, maana likiharibika limeharibika lote. Yagawanywe kwenye bidoni. Hapo mimi naongeza: bidoni zisijae mpaka shingoni. Yenye nafasi ya hewa mkiitupa baharini inaelea nanyi, na ina maji.

Vyakula vya boksi mvitoe kwenye karatasi zake huku huku nchi kavu, kwa sababu mayai ya mende husafiri kwenye makunjo ya katoni. Makopo myabandue lebo na kuandika juu kwa kalamu nzito kilichomo. Hilo mama yako alidhani ni la usafi. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba lebo ikilowa inabanduka, inashuka chini na kuziba pompi, na sote tunajua pompi ikiziba ni nini kinafuata. Mayai mnunue ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa kwenye friji. Myapake mafuta kidogo, kila baada ya siku mbili myageuze, yatakaa wiki kadhaa. Kabichi msikate kwa kisu, mng'oe majani ya nje. Vitunguu visilale pamoja na viazi. Ndizi mkining'iniza mkungu mzima zitaiva zote siku moja, na hapo mtakula ndizi mpaka mzichukie.

Kuhusu maharage tumebishana. Yeye anataka uchukue mengi. Mimi nasema maharage yanamaliza gesi. Tumekubaliana myaloweke usiku kucha na mtafute sufuria ya presha. Unga wa fufu utapata kutoka kwetu, na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, ingawa huyo mzee akilalamika harufu, waweke nje kwenye ndoo yenye mfuniko. Tangawizi nunueni huko. Inasaidia tumbo kwenye mawimbi, nawe tumbo lako tunalijua tangu safari za kisiwani Idjwi.

Sasa gesi yenyewe, kwa kuwa imetajwa. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka na kutulia chini ya sakafu ya boti kama mazuku, ile hewa ya kuua itokayo ardhini, yanavyotulia kwenye mabonde kule kwa bibi yako, ila hii inangoja cheche. Chupa ikae nje, kwenye sanduku lake lenye kitundu cha kutolea gesi kuelekea baharini, juu ya mstari wa maji. Hilo ndilo tundu pekee kwenye boti hiyo ninaloliunga mkono. Mkimaliza kupika mfunge kwenye chupa, siyo kwenye jiko tu.

Kuogelea. Umeniambia unajifunza sasa, katika umri huu, na vijana wa Kilifi wanakucheka. Vizuri, jifunze. Watoto wengi wa mtaa huu walikatazwa kwenda majini, na waliokataza walikuwa na sababu zao, tusifukue. Wewe vaa jile la kuelea. Usiku ukiwa peke yako nje, jifunge kamba kwenye boti, hata kama mzee yeye hafungi.

Pesa uliyotuma kwa simu imeingia. Kuitoa ni kazi, tangu benki zilipofungwa Februari 2025, na wakala anakata kadiri anavyojisikia siku hiyo, kwa hiyo usitume kidogo kidogo, tuma mara moja. Mdogo wako amepata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari na anataka uuguzi. Nilimwambia angoje, akanijibu kwamba kaka yake naye aliambiwa angoje, akaondoka, na sasa ana boti. Mmenigeuza mfano mbaya nyumbani kwangu mwenyewe. Nimempa nauli ya kwenda kujiandikisha. Ule ualimu wako uliouacha mwaka wa pili sitautaja tena, nimemwahidi mama yako.

Ukuta wa nyuma umeinama zaidi. Mvua za mwaka huu zimekula udongo upande wa jirani wa chini, naye anasema maji yanatoka kwetu. Ni kweli yanatoka kwetu, lakini yanatoka kwanza kwa jirani wa juu. Nimechimba mfereji. Sementi ngoja kwanza, usiniletee hesabu ya sementi kabla hamjanunua robine mpya, kama ile ya pili ni ya kubadilisha. Nadhani ni ya kubadilisha.

Nimepata kipande cha mti wa msipresi, mkavu, kwa seremala wa Kadutu. Nakuchongea vizibo vyenye ncha, kimoja kwa kila tundu. Ni mti laini makusudi, ukilowa unavimba na kukaza. Kila kimoja nitakitoboa mkiani na kukitia kamba, nawe ukifunge pale pale kwenye robine yake. Usivirundike kwenye sanduku chini ya nguo, kwa sababu gizani, maji yakiwa kwenye magoti, hutakumbuka sanduku liko wapi. Na nyundo iwe karibu.

Jirani yetu wa juu anaondoka Alhamisi kwa basi, Kigali, Kampala, Nairobi, hadi Mombasa, na amekubali kubeba mzigo mmoja. Nitumie kabla ya Jumatano upana wa kila tundu kwa milimita, umepima kwa rula, siyo kwa jicho, na uniambie hilo la tano ni la nini. Nikikosa vipimo nitachonga vya saizi zote, na uzito wa mzigo utamlipa wewe akifika.

Baba yako