Tope la Nyando lipimwe mto ukiwa umefura

Mhariri,

Kila masika Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, unapofika Ahero bondeni umechafuka, lawama huwaendea wakulima wa milimani, Tinderet na Londiani. Huenda wanastahili sehemu yake. Lakini maji yakichotwa asubuhi ya jua hayawezi kuthibitisha lolote, kwa sababu huku milimani mvua kubwa hunyesha alasiri na jioni. Kukipambazuka, kijito kimeshashuka na tope limeshapita.

Tuchukue mfano. Kijito kinachopitisha lita 200 kwa sekunde, kila lita ikiwa na miligramu 20 za tope, hubeba kama kilo 14 kwa saa. Kikifura hadi lita 2,000 kwa sekunde, na kila lita ina gramu 3, hubeba tani 21.6 kwa saa. Saa hiyo moja ni sawa na siku 62 za maji matulivu.

Vikundi vya watumiaji wa maji havina haja ya kumkesheza mtu mtoni. Fungeni paipu ya chuma kwenye nguzo ya daraja, kisha mpange juu yake chupa za nusu lita, moja kila sentimita 20. Kila kifuniko kitobolewe matundu mawili. Tundu la kwanza ni la mrija wa maji, wa milimita 6, uliopindwa kama mkongojo, mdomo ukielekea maji yanakotoka. La pili ni la mrija wa hewa, na huu lazima upande juu zaidi ya maji yanakoweza kufika. Maji yakipita mpindo, chupa hujaa yenyewe. Mrija wa hewa ukiwa mfupi, maji huendelea kuzunguka ndani yakiacha mchanga, na kipimo hupanda bila sababu. Hapa ndipo wengi hukosea.

Chupa hizi hunasa maji yanayopanda tu. Katika vijito vidogo mara nyingi tope hutangulia kilele cha maji, kwani udongo uliolegea huoshwa kwanza. Kukitumia kipimo cha chupa hizo kwa mafuriko mazima ni kuwaonea watu. Mto unaposhuka, mtu achote kwa mkono akiwa darajani: ashushe chupa kwa kamba hadi karibu na sakafu ya mto, aipandishe kwa mwendo uleule, na isijae hadi mdomoni.

Maabara ya shule yatosha kwa kazi iliyobaki. Karatasi ya kuchujia ikaushwe na kupimwa uzito kabla, kisha tena baada ya kuchuja na kukausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Chujeni chupa nzima; ukimimina robo tu, mchanga hubaki chini. Kwa maji ya mafuriko, mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inafaa. Kwa maji ya kiangazi haifai kabisa.

Kina cha maji kisomwe kwenye kipimio, yaani ubao wenye alama za kina, kila chupa inapochukuliwa, la sivyo haitajulikana maji kiasi gani yalipita, na gramu hazitageuka kuwa tani.

Tena, kipimo cha Ahero peke yake hakisemi tope limetoka wapi. Wekeni paipu mbili kwenye kijito kimoja, moja juu na nyingine chini ya mahali mtaro wa barabara ya murram unapomwagia maji. Tofauti kati yake itaonyesha barabara inachangia kiasi gani, kabla mkulima hajaitwa barazani.

Wapimaji wa maji,
Muhoroni